Visa ya mama inaonesha 17 Juni, jirani anasema arudi tarehe 8

BARUA

Tantine jambo sana. Mimi ni kijana wa Kampemba hapa Lubumbashi, nakuandikia na kichwa inaniuma juu ya paspoti ya mama, tangu juzi mu nyumba hakuna mwenye kulala muzuri.

Iko hivi. Yaya yangu mwenye kuishi Liège kule Ubelgiji alizaa mwezi wa tatu, mutoto wake wa kwanza, na unajua ba mama, tangu alisikia habari ya mimba alianza kununua kapenta kidogo kidogo, anaianika tena, anaiweka mu mufuko na kukaza kamba, eti mutoto wangu kule atapika nini. Yaya akafanya prise en charge, ile karatasi ya kumusimamia mama, mu komini yake, tukatuma makaratasi, tukangoja, visa ikatoka. Nikapiga visa foto na simu nikatuma mu grupu ya famille ku WhatsApp, watu wote wakaandika amina amina, kumbe hakuna hata mumoja mwenye alisoma.

Ku visa wameandika DU 04-05, AU 17-06. Tena kuko NOMBRE D'ENTRÉES 01, njo kuingia mara moja, na DURÉE DU SÉJOUR 30 JOURS. Mi macho yangu ilienda paka ku ile 17-06, juu ile njo tarehe ya mwisho, ao? Nikaenda ku ajansi moja mu mujini wakanikatia biye ya ndege: mama anatoka Luano, uwanja wa ndege wa hapa kwetu, siku ya posho tarehe 9 Mei, anapita Addis, anafika Brussels siku ya yenga tarehe 10 asubuhi. Kurudi ni tarehe 16 Juni, siku moja mbele ya visa kufa. Tulichagua 16 juu mutoto atabatizwa siku ya yenga tarehe 14 Juni, ukumbi umeisha kulipwa na mama wa ubatizo anatoka Paris.

Sasa juzi papa mumoja jirani, mwenye zamani alikuwa anasafiri sana na kazi ya kampuni, alikuja kupongeza mama, akaomba aone visa, akavaa miwani, akanyamaza. Kisha akaniita inje. Anasema: "Mwana, hii biye yenu ni mubaya, mama yako atakuwa clandestin siku nane, anapaswa kutoka kule tarehe 8."

Nikakimbia ku ajansi, mubinti wa pale akacheka, eti visa inakufa 17, mama anarudi 16, shida iko wapi. Nikapigia kuzeni yangu mwenye kuwa Marekani, yeye tena anasema tarehe ya visa haina maana, eti yeye alifika kule visa ikiwa imebakiza wiki mbili na wakamupa miezi sita, mama anaweza kukaa hata mpaka mwezi wa nane, hawezi kuulizwa. Yaya naye kila nikifungua mudomo anaanza kulia ku simu, anasema ninatafuta kuharibu ubatizo wa mutoto wake.

Na kitu ingine, ajansi inasema karti ya njano ya mama, ile ya chanjo ya homa ya manjano, ilikufa tangu 2024 juu alidungwa sindano 2014 na mule ndani wameandika miaka kumi. Wanaomba nilipe watengeneze ingine, mama hata hatasumbuka kwenda kudungwa.

Tantine, mu hawa wote nani anasema kweli? Na nifanye nini bila kuvunja roho ya yaya?

Kijana wa Bel-Air, Kampemba

JIBU

Mwana yangu, papa jirani njo mwenye kusema kweli. Umupelekee kitu, hata soda moja, juu amewaokoa na matata kubwa na hakuomba hata franga.

Shida yenu ni ya watu wengi sana. Mutu akipewa visa, macho inakimbia ku tarehe ya nyuma, anaifanya kuwa tarehe ya kurudi, anafunga valizi. Lakini ku ile karatasi kuko vitu mbili tofauti, na vyote mbili unapaswa kuviheshimu pamoja. DU na AU ni mulango: inakuambia mulango unafunguka siku gani na unafungwa siku gani. DURÉE DU SÉJOUR ni siku ngapi una haki ya kukaa mule ndani. Mulango wa mama uko wazi siku 45, hesabu mwenyewe kutoka 4 Mei mpaka 17 Juni. Lakini siku zake za kukaa ni 30, nukta.

Wewe si unanunua forfait ya intaneti kama watu wote? Unanunua mega 500 za siku saba. Ukiangalia video siku ya kwanza na ya pili, mega inaisha siku ya tatu, na hata ukienda kugombana na muuzaji eti forfait yangu ilikuwa ya siku saba, atakuangalia tu. Siku saba ni muda wa kutumia, mega 500 njo kitu ulipewa. Mama alipewa mega 30, muda wa kuzitumia ni siku 45. Ajansi inaangalia muda, kuzeni hata muda haangalie, hakuna mwenye anaangalia mega.

Sasa hesabu na mimi, chukua kalendari ya paroisse ile inatundikwa mu salon. Siku ya kwanza ya mama si ile anapanda ndege Luano, na masaa ya kungoja Addis haihesabiwe. Siku ya kwanza ni ile anapita mbele ya polisi wa mupaka Brussels, hata akipita saa tano ya usiku, ile ni siku moja nzima. Na siku ya kutoka nayo inahesabiwa nzima. Akiingia tarehe 10 Mei, kutoka 10 mpaka 31 ni siku 22, unabakiza nane, ya 30 inaangukia tarehe 8 Juni. Tarehe 16 itakuwa siku yake ya 38. Siku nane za zaidi, sawa vile papa alisema, yule mzee hesabu yake iko safi.

Na hii siku 15 za tofauti inatoka wapi? Hawakukosea. Sheria ya visa za Schengen, zile inchi za Ulaya zenye visa moja, na Ubelgiji iko mule, ile sheria ya mwaka 2009, inasema kwa visa ya namna hii wanaongeza siku 15 juu ya muda wa kukaa, ili ndege ikisukumwa mbele, ao mutoto akizaliwa kisha siku tulifikiri, mutu asipoteze safari yake. Ni nafasi ya kuchagua lini unaanza. Wengi wanaikamata kama zawadi ya wiki mbili, na hapo njo wanaanguka.

Kumbe dawa yenu iko mule mule, na ndio sababu sielewe kwa nini watu wote mu nyumba wanalia. Ninyi mulitafuta kusukuma kurudi, lakini mwenye kusukumwa ni KWENDA. Musiguse tarehe 16 Juni, sukumeni ile 9 Mei. Mama akitoka Lubumbashi siku ya kazi moja tarehe 18 Mei, akaingia Brussels tarehe 19, siku yake ya 30 inakuwa 17 Juni, juu ya tarehe ile ile mulango unafungwa. Anakula mega zote, anabatiza mujukuu wake tarehe 14, anarudi 16 na siku moja ya akiba mu mufuko. Hata akiingia 18 inawezekana, lakini hapo tarehe 16 njo ya mwisho kabisa, na mi sipendi safari ya mama ya kubanwa hivyo, ndege moja ikivunjika tu mumeanza kutafuta avoka. Kama ajansi inakubali bila kuwakamua, rudisha hata kurudi ku tarehe 15, kesho yake ya ubatizo. Lakini akichelewa zaidi, tuseme aingie 25 Mei, usifikiri atakuwa bado na 30: mulango unafungwa 17, atapata paka 24, zingine zinakufa.

Ao munaacha biye ya kwenda vile iko, anaingia 10 Mei, mwenye kusogezwa ni mapadri: ubatizo unafanyika 31 Mei ao 7 Juni, zote ni siku ya yenga, na mama anatoka mbele ya tarehe 8 kuisha. Kutoka ni kupita polisi wa mupaka mbele ya saa sita ya usiku. Kuna ndege zinaruka saa sita na nusu, biye inaandika tarehe ingine, mutu hata haangalie.

Mubinti wa ajansi, sitaki kumusema sana, ana haki ku jambo moja, visa inakufa 17. Ni vile tu hakushuka kusoma mustari ingine. Mwenye kukatia watu biye kila siku anapaswa kusoma ule mustari mbele hajauliza mutu anataka kukaa karibu na dirisha ao la. Muulize kubadirisha siku ya kwenda ni dola ngapi, akuandikie bei ku karatasi, na kama wewe uliwaonesha visa siku ya kununua, usione haya kugombana kidogo juu ya ile bei.

Kuzeni wako wa Marekani hadanganye, mambo ya kwake ni kweli, lakini ni ya kwake. Kule Marekani visa ni ruhusa ya kuja kupiga hodi. Unaweza kufika hata siku ya mwisho ya visa, kisha ofisa wa mupaka njo anaamua unakaa mpaka lini, na ile tarehe inaingia mu karatasi yenye wanaita I-94, siku hizi unaiangalia ku intaneti. Mwenye kuja kutembea mara mingi wanamupa miezi sita. Kisha hapo visa ikikufa na yeye akiwa ndani hakuna neno, juu mwenye kuongoza ni I-94. Sasa ile sheria haivuke bahari na kuingia Ubelgiji. Kule Schengen hakuna ofisa wa kukuongezea miezi ku mulango, siku zako zimeisha kuandikwa ku visa mbele hata haujatoka Lubumbashi. Mueleze kuzeni polepole, watu wa Marekani hawapendi kusahihishwa na mutu wa Kampemba, lakini mueleze.

Watu wengine watakuambia, ah, siku nane, nani ataona? Zamani ofisa alikuwa anafungua paspoti, anatafuta kashe, ule muhuri wa mupaka, anahesabu na vidole, wengine walikuwa wanapita. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 inchi za Schengen zilianza mutambo mupya, mupaka kwa mupaka: wanakamata foto ya uso na alama za vidole, na pa nafasi ya kashe kuingia na kutoka kwako kunaandikwa mu mashini. Mashini haihurumie mama ya mutu. Siku akipita kutoka inasema yenyewe huyu amepitisha siku. Wanaweza kumukataza kuingia tena kwa muda, na hata wasipofanya hivyo, siku ataomba visa ya kwenda kuona mutoto wa pili wa yaya yako, ile historia itakuwa juu ya meza inamungoja.

Na umuambie yaya kitu kimoja, akimaliza kulia. Ile prise en charge alitia sinyature si karatasi ya heshima tu. Kwa sheria ya Ubelgiji yeye anajifunga miaka 2 tangu siku mama anaingia: mama akikosa namna, akigonjwa bila kulipa, akirudishwa kwao kwa nguvu, leta inaweza kuja kumuomba yeye zile gharama. Kwa hiyo wewe hauko unaharibu ubatizo, uko unalinda mushahara wake.

Tena, mama akifika Liège, yaya amupeleke ku komini mu siku tatu za kazi, na paspoti, wafanye déclaration d'arrivée. Juu analala mu nyumba ya famille, si mu hoteli, ni lazima. Ile karatasi wanaiita annexe 3, na mule komini inaandika ana haki ya kukaa mpaka tarehe gani. Ikitoka tofauti na hesabu yetu, uliza pale pale, usingoje Juni.

Akigonjwa kule, Mungu asipende, ao ndege zikifungwa, kuko njia ya kuomba kuongezewa siku, lakini unaomba ku komini MBELE ya siku kuisha na vyeti vya munganga mu mukono. Kama ni tatizo lenye limemuangukia bila kosa lake hawalipishe, kama ni sababu nzito ya mutu binafsi ni euro 30. Ubatizo hauingie mule. Ulijulikana tangu mwanzo, hawatakubali.

Sasa karti ya njano. Usilipe kitu! Tangu tarehe 11 Julai 2016, chanjo ya homa ya manjano ni ya maisha yote. OMS, shirika la afya la dunia, ilibadirisha ile sheria, ni annexe 7 ya kanuni za afya za kimataifa, na inafunika hata karti za zamani zenye wameandika miaka kumi. Mama alidungwa 2014, karti yake ingali nzima mpaka atakapoitwa na Mungu. Hiyo njo tarehe moja ku makaratasi yake yote yenye unaweza kuisoma na kuisahau. Ubelgiji hawatamuuliza hata, wenye kuiuliza ni sisi huku akirudi, basi aiweke ndani ya paspoti, si chini ya valizi na vitenge. Ku Luano mutu akianza na maneno ya "mama karti yako imekufa", wewe unajibu na adabu, julai 2016, ni ya maisha, unamuachia nafasi ya kurudisha heshima yake. Na ile ingine yenye wanataka kukuuzia bila sindano, hiyo ni karti ya uongo, mwana. Mama aache ya kweli asafiri na ya uongo kwa nini?

Kuko kitu haukuniandikia: paspoti yenyewe ya mama inaisha lini? Schengen wanataka iwe na miezi 3 ya uzima kisha siku ya kutoka kule, na iwe ilitolewa mu miaka 10 ya nyuma. Kama walimupa visa bila shaka waliangalia, lakini nyinyi tayari mulipiga foto bila kusoma, basi fungua ukurasa wa foto na usome. Na asirans ya safari pia, kama mulinunua ya kuanza 10 Mei kuisha 8 Juni ao kitu kama hicho, ukisukuma biye unapaswa kusukuma asirans, ile watu wanasahau kila mara. Inapaswa kufunika siku zote atakuwa kule.

Nimesoma barua yako mara mbili natafuta mahali mama anasema kitu. Hakuna. Kuko yaya, kuko kuzeni, kuko jirani, kuko mubinti wa ajansi mwenye kucheka, na mwenye visa njo yule anakaza kamba ku mufuko wa kapenta. Leo magaribi kaa naye chini na ile kalendari, umupe kalamu azungushe mwenyewe siku 30 kuanza 19 Mei, kisha 30 kuanza 10 Mei, umuulize anataka gani. Labda anapenda kufika mbio, mutoto angali mudogo, ubatizo atauona ku video. Labda anataka kanisa na picha na kitenge kipya. Mi ningemusukuma ku 19 Mei, lakini mi si mama yako.

Kisha umupigie yaya video, mama awe karibu, yeye mwenyewe amuambie. Hatamulilia mama vile anakulilia wewe. Na kesho saa mbili ajansi ikifungua uwe pale na paspoti yenyewe mu mukono, si foto.

Tantine